Miaka 22 kwenye wokovu na ndiyo kwanza naliona daftari langu. Hivi huku kukua kunaisha lini?

#1 DagaaMkavu

Wakuu, mwakeye. Niko Kigoma mjini, kazi yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi, nauza rejareja soko la Mwanga, na magunia mengine yanapanda treni kwenda Tabora. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite.

Niliokoka 2003 kwenye mkutano wa injili, uwanjani, mvua inanyesha na hakuna aliyekimbia. Ule mwaka wa kwanza acheni tu. Nafunga Jumatano na Ijumaa, nakesha, nikipanda boti nahubiri, nikishuka nahubiri. Mke wangu alikuwa ananitania kwamba hata chumvi ikizidi kwenye mboga mimi nakemea pepo.

Sasa sado yangu ya kupimia ilikuwa imegongwa kitako. Wauza nafaka na dagaa mnaelewa. Unaigeuza, unaipiga nyundo taratibu mpaka kitako kinaingia ndani vidole viwili hivi. Kwa nje kopo ni lile lile. Kwa ndani mteja ameshapunjika viganja kadhaa. Niliigonga mwenyewe 2001 nikiwa mtu wa dunia, na nikaendelea nayo mpaka 2014. Yaani miaka 11 ya wokovu, sauti ya tatu kwenye kwaya, mweka hazina wa vijana, mtu wa maombi, na kopo ni lile lile.

Kinachonitisha ni kwamba sikuwa nalificha. Nilikuwa silioni. Nilitubu pombe, nikatubu wanawake, nikatubu mpaka taarabu. Sado haikuwahi kunijia akilini hata siku moja. Kila meza ilikuwa na ya kwake, tukaziita "sado za soko", mambo yakaisha.

Jumamosi moja akaja bibi wa Ujiji, baibui limepauka, na kikapu cha ukili. Kabla sijachota akaingiza mkono ndani ya kopo, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Vidole vikapita kwenye ule mgongo wa kitako, vikasimama. Akaniangalia. Siku hiyo nilivaa fulana ya kwaya, ina mstari wa Biblia kifuani. Akasema, "Haya, pima tu mwanangu." Akalipa hela kamili, akaenda zake.

Sikulala. Jumatatu nikanunua sado mpya.

Nikadhani nimemaliza. Sasa kuna hili la pili. Kuna kina mama waanikaji ninaowapa mtaji. Giza likianza, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambapo boti zinavua kwa taa, nampa mtu laki mbili, ananunua mbichi, anaanika, kisha mzigo lazima aniuzie mimi kwa bei ninayoiandika mimi kwenye daftari. Ziwa lilipofungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, nilikuwa nimeshajaza stoo kwa bei ya daftari. Dagaa wakapanda, nikauza vizuri sana. Agosti ziwa linafunguliwa, kina mama wale wale bado wananidai shukrani na mimi bado nawadai hela.

Nimemweleza kiongozi wangu wa kiroho, akasema hiyo ni baraka, Mungu aliniona kimbele kama Yusufu. Nikaitikia amina. Lakini mwezi uliopita niko kwenye maombi ya asubuhi, ikanijia ile sado. Nikajua daftari langu nalo limegongwa kitako.

Nilitegemea mtu akifikisha miaka 20 anakuwa anamaliziamalizia. Mimi najiona niko darasa la kwanza. Ni mimi peke yangu? Na hizo hela nifanyeje?

#2 KijanaWaKatubuka

Kumbe ndiyo maana dagaa wa Mwanga ukifika nao nyumbani wanageuka nusu! Mkuu nielekeze meza yako, nina madai ya tangu 2009 😂

#3 MotoWaKesha

Mtumishi, nisamehe, nakwambia kwa upendo. Hukuokoka 2003. Ulilowa mvua. Soma 1 Yohana 3:9, aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Mtu hawezi kuwa na Roho Mtakatifu miaka 11 anaibia wajane. Rudi msalabani uanze upya, acha kuita wizi "safari".

#4 DagaaMkavu

MotoWaKesha, na mimi nimeshajiambia hivyo. Shida ni moja: nikianza upya leo, 2036 nikakuta kingine, nitaanza tena? Na aliyenikosesha usingizi ile Jumamosi alikuwa nani, kama hakuwa Roho?

#5 MwalimuUrambo

Mwangaluka ndugu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, Mmoravian wa Urambo, nina miaka 71. Naomba nimjibu kijana MotoWaKesha kwanza kisha mleta mada.

Waraka uleule wa Yohana, sura mbili kabla ya hiyo uliyoitaja, 1:8, unasema tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe. Aliyeandika ni mtu mmoja, kwa watu walewale. Ukiibeba sura ya tatu ukaiacha ya kwanza, na wewe umeigonga sado.

Sasa tazameni Petro. Alimkiri Bwana, akamkana, akasamehewa, akajazwa Roho siku ya Pentekoste, akahubiri wakabatizwa kama watu 3,000. Aliyeokoka kuliko huyo nani? Lakini Wagalatia 2 inatuambia akiwa Antiokia alikuwa anakula na watu wa Mataifa, wageni walipofika kutoka kwa Yakobo akajitenga kwa kuogopa maneno ya watu. Paulo akamkemea mbele ya wote. Na ile ilikuwa miaka mingi baada ya Pentekoste. Paulo hakumwambia akaokoke upya. Alimwambia mwendo wake haujanyooka.

Na Marko 8. Kipofu wa Bethsaida ndiye mtu pekee katika Injili ambaye Yesu alimwekea mikono mara mbili. Mara ya kwanza akaona watu kama miti inayotembea. Mkono wa kwanza haukuwa wa uongo, mtu alitoka gizani kweli. Ila angeondoka pale kwa furaha angeishi maisha yake yote akisalimia miti. Wewe DagaaMkavu 2003 uliwekewa mkono wa kwanza. Yule bibi alikuwa wa pili.

Nitasema na la nyumbani kwetu. Misheni ya Urambo ilifunguliwa na wamisionari wa London mwaka 1879, enzi za Mtemi Mirambo, na Wamoravian wakaipokea 1898. Wamoravian walikuja na mazoea waliyoyaanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728: kila siku neno moja la Biblia la kuondoka nalo nyumbani. Tangu 1731 yanachapwa kitabu, mwaka hadi mwaka. Baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku, alisoma neno la siku kila alfajiri, taa ya chemli mkononi, kabla hatujaenda bani, banda la kukaushia tumbaku, kuangalia moto. Alikuwa mkali. Neno linasomwa, fimbo iko pembeni. Mimi kijana nilimwona mnafiki kabisa, nikaapa nikiwa mkubwa sitasoma.

Alipofika miaka 68, jioni moja, alimjibu mama vibaya kuhusu ugali. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Samahani mama." Sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwake. Mama aliangusha kawa.

Sijui ni neno la asubuhi ipi lililofanya kazi ile. Naamini hata yeye asingejua.

#6 MjukuuWaUjiji

Mimi Muislamu, napita tu, lakini yule bibi mwenye kikapu cha ukili angeweza kuwa wangu, maana bibi yangu alikuwa na tabia hiyo hiyo ya kuingiza mkono. Alikuwa anasema macho ya soko ni mkono.

Kwetu kuna sura nzima inayoanza na ole kwa wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin, ya 83. Na tunafundishwa kwamba dhambi yako na Mungu unatubu kwake, lakini haki ya mtu haifutwi kwa kulia msikitini, unamrudishia mwenyewe au unamwomba akuhalalishie. Sijaja kuhubiri. Ila umeuliza hela ufanyeje, na sijaona bado aliyekujibu hilo.

#7 SinaUpande

Nyie endeleeni. Dini zimeingia Kigoma na misafara na meli, na biashara ya ulaghai ikabaki palepale, mnaimba tu juu yake. Huyo Livingstone mnayemjengea makumbusho Ujiji alibatiza wangapi maisha yake yote? Miaka 22 mtu hajajua kuiba ni kubaya, halafu mnaita kukua. Mwanangu wa darasa la pili anajua.

#8 MwalimuUrambo

SinaUpande, swali lako la Livingstone si la kubeza, ni zuri, na jibu lake linamsaidia mleta mada kuliko unavyofikiri.

Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1871, mgonjwa, alikuta bidhaa zake alizotumiwa zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. (DagaaMkavu, umeona, biashara ya mtindo wako ina mizizi hapo.) Kwenye shajara yake aliandika kwamba alipokuwa Manyema, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, aliisoma Biblia nzima mara nne. Mara nne, mtu ambaye alikuwa mmisionari tangu ujana. Hiyo si kazi ya mtu anayejiona ameshafika.

Ama waliobatizwa, anayejulikana zaidi ni Sechele, mtemi wa Wakwena, nchi ambayo sasa ni Botswana. Livingstone alimbatiza 1848. Haikupita miezi mingi, ikagundulika mmoja wa wake aliowaacha ana mimba yake. Livingstone akamzuia meza ya Bwana, na hatimaye akasonga mbele na safari zake. Ukimpima Sechele siku hiyo, ni mkristo aliyeshindikana. Lakini Sechele hakuacha. Aliendelea kuwafundisha watu wake kusoma na kusali miaka mingi baada ya mwalimu wake kuondoka, mpaka kufa kwake 1892. Livingstone alikuwa ameshakufa tangu 1873.

Kuhusu mwanao wa darasa la pili: anajua wizi ni kubaya kwa sababu bado hajafungua meza sokoni.

#9 MamaPachaGungu

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma huku nasubiri chikichi zichemke, pipa liko jikoni, mikono ina mafuta, simu nashika kwa kidole kimoja.

Mimi niseme la wanawake maana uzi umejaa kesha na shajara. Kabla sijazaa nilikuwa mwombaji haswa. Saa tisa usiku niko magotini. Wakaja mapacha, akaja wa tatu, mama mkwe akapooza tukamleta nyumbani. Miaka sita sijafanya kesha hata moja. Nilijihesabu nimerudi nyuma, na kanisani wapo walionihesabia pia.

Nikawa namgeuza mama mkwe usiku ili asipate vidonda, saa nne, saa saba, saa kumi. Mwanzoni kwa manung'uniko kweli kweli, maana alinisumbua sana nilipoolewa. Kuna usiku nikashtuka nimemgeuza, nimemfunika, nimemwita mama, na moyoni hakuna kitu. Ule mwiba haupo. Sikuuombea utoke, nafasi ya kuomba ningeitoa wapi? Sijui ulitoka lini. Marko 4, mtu ametupa mbegu, analala na kuamka, nayo inamea asivyojua yeye. Huo mstari nilikuwa nausoma juujuu zamani.

Kwa hiyo kaka DagaaMkavu mimi simuungi mkono anayesema hukuokoka. Ila na wewe usituletee huzuni nzuri ya kiroho hapa halafu daftari likabaki kabatini. Mimi nimeshakuwa kwenye daftari la mtu. Nilikopeshwa mtaji wa mawese, nikawa namuuzia dumu kwa bei yake miaka miwili. Unajua inavyouma? Unakamua, mikono inachubuka, mise, zile kokwa za chikichi, unazipasua usiku, halafu mtu anafika na kalamu. Na Jumapili anakupa mkono wa amani.

#10 KatekistaTabora

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nimekuwa katekista miaka 34, Tabora, si mbali na seminari ya Kipalapala. Nachangia mawili.

La kwanza, wazee wetu hawakuwa na haraka hii tuliyo nayo. Wamisionari wa Afrika (White Fathers) walifika Ujiji 1879, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza ukatekumeni, yaani mafundisho, wa miaka 4 kabla ya ubatizo. Miaka minne kabla ya kuanza! Siku hizi mzazi akiambiwa mafundisho ya mwaka mmoja anatafuta parokia nyingine yenye miezi sita. Nasema kwa uchungu maana nimeyaona.

La pili ni habari ya Adriano Atiman. Aliibiwa utotoni huko nchi za mto Niger, akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, wakamsomesha udaktari Malta. Alifika Karema, huku kwenye ziwa letu, mwaka 1889. Akatibu na kufundisha dini mahali hapohapo mpaka alipofariki 1956. Hesabuni wenyewe, ni miaka 67. Vita kuu mbili zimepita, Wajerumani wameondoka, Waingereza wamekuja, yeye anafunga vidonda Karema. Ninapowafundisha vijana siwaambii miujiza yake. Nawaambia wafikirie siku ya kawaida, tuseme Jumanne, mwaka wake wa arobaini, mgonjwa wa kumi na tano, jua kali.

Mleta mada, sisi tuna desturi ya kuchunguza dhamiri kila usiku kabla ya kulala. Faida yake ni kwamba unaingiza mkono ndani ya kopo wewe mwenyewe, husubiri bibi wa Ujiji. Na kwetu pia, aliyeiba akiungama anadaiwa kurudisha. Padri hawezi kukusamehea hela ya kina mama wale.

#11 KijanaWaKatubuka

Nilikuja kucheka, sasa nimekaa kimya. Mimi ni Mlutheri wa Krismasi na Pasaka, lakini nakumbuka kipaimara: hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za Luther, 1517, ilisema maisha yote ya muumini yawe toba. Mchungaji aliirudia mpaka tukaichoka. Nilidhani maana yake ni kuwa na huzuni maisha yote. Leo ndiyo naielewa kidogo.

#12 MotoWaKesha

Nimerudi. Mwalimu shikamoo, nimepokea ile ya 1:8, japo kwenye 3:9 sijahama, tutaendelea siku nyingine.

Kwa upande wa hela Maandiko hayajanyamaza. Walawi 6:5, aliyedhulumu anarudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na Hesabu 5:7 ni hivyo hivyo. Zakayo mtoza ushuru, Luka 19, alisema mara nne. Kutoka 22:1 mara nne ni ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Wewe dagaa zimeshauzwa na kuliwa. Kwa hiyo mimi nasema mara nne, usitafute kona.

#13 KatekistaTabora

Mara nne ya Zakayo aliitaja mwenyewe kwa furaha, hakupangiwa na mtu. Tusimpangie ndugu yetu mbele ya umati. Arudishe kwanza kile kilicho wazi.

#14 MamaPachaGungu

Ninyi wanaume mnagawana tano na nne kama mnanadi ng'ombe. Kuna aliyewauliza kina mama wenyewe? Nenda kaka. Na usiende na kiongozi wa kanisa wala fulana ya kwaya. Nenda na daftari, uwaachie walishike wao.

#15 DagaaMkavu

Wakuu, nimekawia kurudi, poleni. Ilinichukua siku tisa kufanya kitu cha nusu saa.

Nilienda Kibirizi alfajiri, boti zinarudi, taa bado zinawaka. Kina mama ni wanne. Nikawakuta kwenye chanja wanageuza dagaa, nikawapa daftari, nikaeleza. Wawili wakacheka wakidhani nimefilisika au nagombea udiwani. Mmoja akasema basi deni lifutwe na bei ipande, yaishe. Nimefuta.

Wa nne ni mama mtu mzima, hajui kusoma. Alikaa na daftari mapajani kimya muda mrefu, kisha akaanza kunitajia. Mwezi fulani, gunia mbili, ulinipa kiasi hiki, na sokoni bei ilikuwa kiasi hiki. Mwezi unaofuata hivi. Anazo zote kichwani, MotoWaKesha, mwaka hadi mwaka, hajakosea hata moja niliyoweza kuikagua. Kumbe muda wote nilikuwa naandika mbele ya mtu anayeandika.

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema, "Ningesema, mtaji ungenipa?"

Hakutaka mara nne, sehemu ya tano pia hakuijua. Anataka tofauti yake kamili kuanzia 2019, kwa awamu, na anataka giza lijalo mzigo auze kwa anayemtaka. Tumekubaliana. Nimerudi nyumbani nimemwambia mke wangu, akauliza ada za watoto zitatoka wapi, swali ambalo mpaka sasa sina jibu lake.

Nimekwama sehemu moja. Daftari la 2019 nililiweka stoo, mchwa wamekula nusu, kurasa za Machi mpaka Julai hazisomeki. Kesho naenda tena Kibirizi anitajie yeye, nami niandike.